Hodi ya Tatu

Hebu niambieni ninyi mnaosikiliza: mtu abishe hodi mara ngapi ndipo ihesabiwe kwamba amebisha?

Mtasema tatu. Ya kwanza mwenye nyumba ashtuke, ya pili ajifunge kanga vizuri, ya tatu aseme karibu. Hilo halina mjadala. Lakini iko nchi moja, jina lake silitaji maana wenyewe hupenda kutajwa kwa barua yenye muhuri, ambako jambo hili lilihitaji kamati, vikao tisa na utepe wa kupimia.

Nchi hiyo ina joto. Joto la kuku kutaga yai likatoka limeshaiva upande mmoja. Siku moja Mkuu wake alisafiri kwenda nchi za baridi, akaona watu wanateleza juu ya barafu na magongo mkononi, wanakimbiza kisahani cheusi cha mpira mgumu na kubamizana ukutani, akacheka mpaka akashika mbavu. Aliporudi akatangaza kwamba ule ndio mchezo wa asili wa wananchi, ila walikuwa wameusahau. Likajengwa Jumba la Barafu. Mashine za kugandisha maji zikapewa umeme wa wilaya tatu, na wilaya zile zikapewa mishumaa na barua ya shukrani.

Ili mchezo ufanane na mila, wakauongezea adabu ya nyumbani. Uwanja ule umezungukwa na ukuta wa mbao, juu yake kioo, na mahali pamoja pana kimlango cha kutokea kwenda kwenye benchi. Mchezaji akichoka, anakwenda kimlangoni, anawapa wenzake mgongo, anagonga ubao kwa kifundo cha mkono mara tatu, ko, ko, ko, na mlinda mlango anamfungulia. Mtu aliyekwisha kubisha haguswi. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza kitabuni, kwa wino wa dhahabu: Mwenye kubisha ni mgeni, na mgeni hapigwi mgongoni.

Maneno mazuri. Bi Siwema aliyajua kwa moyo, ingawa yeye kazi yake haikuwa vitabu. Alikuwa dobi wa timu ya Wizara ya Mvua. Miaka kumi na mmoja alikuwa anafua jezi zao, na damu alizijua moja moja. Ya puani hutoka kwa maji baridi na chumvi. Ya mdomoni hutaka ndimu. Ya juu ya jicho ni kaidi, uiloweke tangu asubuhi, uisemeshe. Jezi namba kumi na nne aliifua kwa mkono, peke yake, kwenye beseni la buluu, kwa sababu aliyeivaa alikuwa mwanawe, Kheri, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni.

Alasiri moja, Wizara ya Mvua ikicheza na Ikulu Ndogo, Bi Siwema alikuwa nyuma ya benchi na kapu lake la taulo. Akamwona Kheri anakuja kimlangoni anahema. Akamwona anageukia ubao. Mzee Chambuso, mlinda mlango, akaweka mkono kwenye komeo.

Ko. Ko.

Katikati ya barafu alikuwa anakuja Dungumaro, namba tano wa Ikulu Ndogo, jitu la kilo mia na kumi. Washabiki walimwita Gari la Mchanga.

Bi Siwema aliona kifundo kinashuka mara ya tatu, lakini sauti waliyoisikia watu haikuwa ko. Ilikuwa kama mlango wa jumba zima umebamizwa na upepo. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo raha yenyewe. Kofia ngumu ya Kheri ikatoka, ikazunguka juu ya barafu kama mfuniko wa sufuria ulioanguka jikoni, ikazunguka, ikazunguka, ikachelewa kunyamaza. Kheri mwenyewe alikuwa amenyamaza zamani.

*

Msidhani nchi ile haina nidhamu. Nidhamu wanayo tele, wamekosa kabati la kuiwekea.

Ipo Kamati ya Nidhamu na Maelewano, na Mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Kombwe, mtu mnene wa sauti ya kinanda. Msimu uleule kamati ilikuwa imeshafanya kazi kubwa. Mchezaji mmoja alimgonga mwenzake shingoni, akafungiwa mechi mbili. Mwingine akafanya lilelile, shingo vilevile, ubao uleule, akapewa saa ya ukutani kwa kuchangamsha mchezo. Wa tatu, kijana mwembamba wa timu ndogo ya kandokando, aliteleza mwenyewe, na katika kuanguka kidole chake kikagusa kamba ya kiatu cha mwamuzi. Huyo alipata mechi thelathini na mawaidha.

Watu walipouliza tofauti iko wapi, Mheshimiwa Kombwe alifunga macho kwanza.

"Ndugu wananchi," alisema, "kila bega lina mazingira yake. Kuna bega linalokwenda kwa mtu, na kuna mtu anayekwenda kwa bega. Kamati haiwezi kuyachanganya. Tukiadhibu makosa sawasawa, raia atajuaje kwamba tumefikiri?"

Wakamshangilia. Lilikuwa jibu zito, hata waliolibeba hawakujua pa kulitua.

Dungumaro naye alikuwa ameitwa kabla ya hapo mara nne. Mara ya kwanza alipewa onyo la upole. Mara ya pili, onyo la upole zaidi, kwa kuwa lile la kwanza lilionekana limemkwaza. Mara ya tatu akafungiwa mechi moja, kwa kosa la soksi fupi. Mara ya nne kamati ikamwomba radhi kwa usumbufu. Bi Siwema alikuwa akipishana naye ukumbini kila akitoka mle, na kila mara aliona jambo la ajabu: jitu lile lilitoka limeinama kuliko lilivyoingia, likitazama mikono yake kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake na kila anayemrudishia anamwambia baki nacho.

Kuhusu Kheri, kamati iliutazama mkanda mara arobaini. Mara ya arobaini wakiwa na karanga. Kisha Mheshimiwa Kombwe akasoma uamuzi.

"Kamati imesikia sauti tatu. Mbili ni za kifundo cha mkono. Ya tatu si ya kifundo, ni ya kichwa. Kanuni inasema kifundo. Hivyo hodi zilikuwa mbili. Asiyemaliza kubisha si mgeni. Asiye mgeni hajatoka. Kwa hiyo, kisheria, namba kumi na nne bado yuko uwanjani, na tunamtakia mchezo mwema."

Mzee Chambuso alinyoosha mkono aseme aliyoyasikia, maana hakuna aliyekuwa karibu kuliko yeye. Akasomewa kanuni ya nane: mlinda mlango hufungua, hasemi.

*

Hospitali ya Wachezaji ndiyo pekee nchini yenye daktari wa vichwa. Hupokea mchezaji yeyote aliyeumia, madhali ametoka uwanjani kwa utaratibu. Bi Siwema alimfikisha Kheri dirishani asubuhi na mapema, amemvika shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili.

Karani akapitisha kidole kwenye orodha. "Mama, huyu hayupo hapa."

"Hayupo vipi, na nimemshika mkono?"

"Orodha inasema yuko barafuni."

"Sasa huyu niliyekuja naye ni nani?"

"Hilo hata mimi najiuliza, mama." Karani alichungulia, akamtazama Kheri, akarudisha kichwa haraka. "Tena mwondoe. Ananitazama kama vile mimi ndiye nisiyekuwepo."

Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita na sinia aliwafuata mpaka nje ya geti. Akamfunua Kheri ukope, akamtazama mboni, kisha akamvuta Bi Siwema pembeni.

"Bibi, kuna kitu kinavimba humo ndani. Fanya uwezavyo jina lake litoke kwenye ile orodha. Kichwa kama hiki hakisubiri vikao."

"Kinasubiri mpaka lini?"

"Mvua zikianza usiwe bado unazunguka."

Ulikuwa mwezi wa kiangazi. Bi Siwema alihesabu kwa vidole. Vilitosha, lakini kwa shida.

*

Nyumbani Kheri alikaa uani, juani, amejifunika mablanketi mawili, midomo ya zambarau. Mchana wa kukaanga chapati juu ya bati, yeye anatetemeka. Majirani waliapa kwamba akipumua hutoka mvuke mweupe, kama birika. Walikuja kumjulia hali wakasimama mbali, wakaacha ndizi juu ya kigoda, wakaondoka bila kuaga vizuri.

Na alibisha. Palipo na ubao alibisha: mguu wa kigoda, mbuzi ya nazi, kizingiti. Ko. Ko. Halafu mabega yanapanda mpaka masikioni, macho anayafumba, anangoja. Ya tatu haiji. Baada ya kitambo mabega hushuka, naye husema kwa sauti ya mtu aliye chumba cha mbali:

"Mama, nilikuwa nataka..."

Basi. Hapo hapo linakatika.

"Chai, mwanangu?" Siwema humuuliza. "Maji? Unataka kulala? Unataka nikusogeze kivulini? La, kivulini hutaki. Uji je?"

Kheri humtazama kama anayejaribu kumkumbuka mtu aliyewahi kusafiri naye. Kisha huanza tena. Ko. Ko.

"Karibu," Siwema alikuwa akijibu, mara ishirini kwa siku, akiwa anachambua mchele au anakamua nguo. "Karibu baba. Karibu." Lakini nani amewahi kuingia kwa hodi mbili?

Kule Jumbani mambo nayo hayakukaa sawa. Kila mechi mtangazaji alisoma majina, na kwa kuwa husoma lililoandikwa alisoma: "Na namba kumi na nne, Kheri Matamba, bado yuko uwanjani!" Wizara ya Mvua wakacheza pungufu, maana mtu wao mmoja alihesabiwa yumo. Mwanzo washabiki walicheka. Baadaye waliacha kucheka, kwa sababu wachezaji walianza kukwepa. Karibu na kimlango palibaki mahali pa ukubwa wa jamvi ambapo hakuna aliyepita. Mashine ya kulainisha barafu ilipita pale mara tatu na bado paliparuza. Mchezaji mmoja alisema amesikia mtu anahema pale. Kamati ikamfungia mechi nne kwa kusikia bila kibali.

Na hakuna tena aliyebisha. Waliona heri wacheze mpaka waanguke. Mheshimiwa Kombwe akatoa taarifa kwamba stamina ya taifa imeongezeka.

Bi Siwema aliendelea kufua. Jezi kumi na tisa zilikauka kabla ya adhuhuri. Namba kumi na nne, ambayo hakuna aliyeivaa na aliifua tu kwa kuwa iliandikwa kwenye daftari, ilibaki kwenye kamba mpaka jua linatua, nzito, baridi, mikono imening'inia mbele. Upepo ulipovuma zile nyingine zilicheza. Ile haikucheza. Alipoianua aliikunja taratibu, kama kwamba kuna mtu ndani.

*

Alikwenda kwenye kamati mara nane. Mara nane alijaza fomu. Mwisho wa fomu paliandikwa: Mlalamikaji anataka nini? Jibu kwa maneno matatu.

Siwema alisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kuhesabu anajua. Aliandika: Hodi zilikuwa tatu.

Fomu ilirudi. Neno la tatu limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni karani wa kamati amefafanua kwamba neno hilo ndilo lenye mgogoro, haliwezi kutumika mpaka kesi iishe. Yakabaki mawili. Na fomu ya maneno mawili haipokelewi.

"Sasa niandike nini, baba?" alimuuliza karani.

"Andika wengine wanavyoandika. Wanaandika: Naomba msaada wenu."

"Mnawasaidia?"

"Hatuwezi. Ombi lenyewe halieleweki."

Mara ya nane alikaa mlangoni mwa ofisi na fomu mapajani tangu saa mbili asubuhi. Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa chake cha kudarizi, akadarizi. Saa tisa Mheshimiwa Kombwe akatoka kwenda kula, akamkuta, akakosa njia ya kumruka.

"Mama Kheri, wewe ni mvumilivu sana. Taifa linahitaji watu kama wewe."

"Mheshimiwa, mawingu yameanza kukusanyika."

"Nimeyaona. Mazuri sana." Akafikiri. Pengine ni njaa iliyomlainisha. "Basi tutafanya jambo kubwa ambalo halijawahi kufanyika. Kamati itakwenda kwenye eneo la tukio baada ya siku nne. Namba kumi na nne atabisha mbele yetu, nasi tutahesabu. Akibisha tatu, zilikuwa tatu. Akibisha mbili, usije kunililia tena. Hiyo ni sayansi, mama."

Siwema alimshukuru, akarudi nyumbani. Uani alimkuta Kheri na mguu wa kigoda. Ko. Ko. Siku nne zilizobaki alikaa chini mbele yake, akamshika mkono, akamfundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kusuka ukili. "Moja. Mbili. Haya, na hii hapa." Kila walipofika hapo mkono wa Kheri ulikuwa mgumu kama kuni, mabega yakapanda, na Siwema akauachia, maana hakuweza kuvumilia jinsi alivyokuwa anafumba macho.

*

Siku ya kikao cha tisa walitandika zulia jekundu juu ya barafu, wakaweka na meza. Wanakamati walivaa makoti ya sufu, Mheshimiwa Kombwe na skafu mbili. Mtu alikuwa na utepe wa kupimia, akapima kutoka kimlangoni mpaka sikio la Mwenyekiti, akaandika. Wananchi walijaa. Mtangazaji alikuwa juu kwenye kibanda chake. Dungumaro aliitwa akasimame palepale alipoanzia siku ile, na viatu vyake vya makali miguuni, kwa ajili ya ukamilifu. Mzee Chambuso alisimama nje ya kimlango, mkono kwenye komeo.

Siwema alimshika Kheri kiwiko mpaka mwisho wa zulia. Hapo akazuiwa. "Dobi huishia hapa," akaambiwa.

Kheri akaenda peke yake, blanketi linaburuta. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale penye ukubwa wa jamvi, ambapo miezi mitano hapakupita mtu, akasimama kama aliyefika kwake. Watu wa safu za mbele walinyanyua miguu yao bila kujua kwa nini.

"Mchezaji abishe," akasema Mwenyekiti.

Kheri akaugeukia ubao. Ko.

Ko.

Mabega yakapanda. Macho akafumba.

Mashine za baridi ziliguna chini ya sakafu. Siwema alikuwa amekaza ngumi, kifundo chake kinagonga hewa, moja, moja, moja.

"Mbili!" Mheshimiwa Kombwe akapiga meza. "Andikeni! Mwenye kesi mwenyewe amebisha mbili mbele ya umma. Nani sasa atasema kamati hii..."

Hapo Siwema akasikia makali yanakata barafu. Sauti ileile. Akageuka, akamwona Dungumaro anakuja kutoka katikati, amenyooka kuelekea ule mgongo wenye blanketi.

"Dungumaro!" alipiga ukelele. "Mwanangu, usi..."

Lilipunguza mwendo jitu lile. Likasimama hatua moja nyuma ya Kheri, linahema. Kisha Dungumaro akavua glovu, akaupitisha mkono juu ya bega la Kheri, polepole, kama mtu anayemtoa mwenziwe mdudu kwenye kola, akagonga ubao kwa kifundo.

Ko.

"Zilikuwa tatu," akasema. "Ya tatu niliisikia. Nilipoisikia ndipo nikaongeza mwendo, kwa sababu alikuwa anaondoka."

"Namba tano, nyamaza!"

"Nimenyamaza vikao vinane, mheshimiwa. Kila mliponiita mlinipa chai."

Wanakamati wakainamiana vichwa, skafu kwa skafu. Haikuchukua muda. Mheshimiwa Kombwe akasimama, akatangaza kwamba Dungumaro anafungiwa mechi mia moja, adhabu kubwa kuliko zote tangu Jumba lijengwe, kwa kosa la kugonga mlango usio wake bila glovu.

"Asante," akasema Dungumaro, na Siwema, ambaye alikuwa akimtazama uso, aliona hakuwa anatania. Lile jitu lilikaa chini juu ya barafu, mikono imefunguka, likalia bila kujificha.

"Na ieleweke," Mwenyekiti akaendelea, "kwamba hodi hiyo ya tatu imepigwa na mtu mwingine, haiwezi kujumlishwa na..."

Lakini Mzee Chambuso hakuwa mtu wa kujumlisha. Yeye kazi yake ni moja, naye alikuwa ameishika nusu kwa miezi mitano. Alisikia moja, akasikia mbili, akasikia tatu. Komeo likalia kwa kutu. Kimlango kikafunguka.

"Karibu," akasema, neno lake la kwanza kazini.

"Funga mlango huo!" akapiga kelele Mheshimiwa Kombwe.

Juu kwenye kibanda, mtangazaji hakusikia amri. Yeye husoma orodha, na mlango ukifunguka husoma mlango. Akakisogelea kipaza sauti kwa mazoea ya miaka: "Namba kumi na nne, Kheri Matamba, ametoka." Na karani aliyekuwa chini yake, kwa mazoea yaleyale, akakata jina kwenye ile orodha.

Siwema alishazunguka mbio nyuma ya benchi, kapu na taulo zinamwagika. Alifika Kheri anavuka kizingiti. Mguu mmoja. Mguu wa pili. Blanketi likanasa kwenye komeo, likabaki huko, naye hakurudi kulichukua. Jua la dirishani lilimpiga usoni, akakunja kipaji kama mtu anayelihisi.

"Mama," alisema. "Nilikuwa nataka..."

Siwema hakutaja chai. Hakutaja maji wala uji. Alimshika viganja viwili akangoja.

"Nilikuwa nataka kutoka."